UZI: Chokoleti na biskuti bila oveni, ya kuhimili joto letu

IlikiMbili (mleta uzi)

Salaam wanajukwaa. Kila mara humu anaingia mtu na ombi lilelile: anataka kitu cha chokoleti cha kufurahisha watoto au wageni wa sikukuu, oveni hana, ana jiko la gesi la plati mbili au la mkaa. Na kila mara anajibiwa vilevile: yeyusha chokoleti na siagi, vunjavunja biskuti, changanya, gandisha kwenye friji, kata. Mimi naona jibu hilo halimtendei haki mtu wa pwani. Nimekuwa nikilijibu vipande vipande kwenye nyuzi za wenzangu, leo naliweka lote hapa.

Kwanza, mtindo wenyewe ni mzuri na una heshima zake duniani. Waitaliano wana salame di cioccolato, inayoviringishwa kama soseji na kukatwa visahani, na Wareno wanayo pia. Wajerumani hupanga biskuti tabaka kwa tabaka pamoja na kakao na mafuta ya nazi, wakaiita Kalter Hund. Waturuki wana mozaik pasta. Hata Prince William wa Uingereza, harusi yake ya Aprili 2011, aliomba keki yake ya pembeni iwe ya chokoleti na biskuti za Rich Tea, isiyookwa. Kwa hiyo asikudharau mtu kwamba unatengeneza keki ya kimaskini.

Sasa tazama kinachoishikilia. Biskuti hazishikani zenyewe, zinashikwa na mafuta yaliyoganda: ya kakao yaliyomo ndani ya chokoleti, pamoja na siagi. Siagi ya maziwa ikifika nyuzi joto 32 hadi 35 imeshakuwa maji, na kulegea inalegea mapema zaidi. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, ndiyo maana chupa yako Dar huioni imeganda ila asubuhi za Julai. Na chokoleti? Ile ya dukani imegandishwa kiwandani kwa utaratibu maalumu, hivyo inavumilia hadi karibu nyuzi 34. Ukishaiyeyusha nyumbani na kuitia kwenye friji, haigandi tena kwa mpangilio ule. Inaganda kidhaifu, na inaachia kwenye nyuzi ishirini na kitu. Ndiyo maana mtu analalamika: chokoleti niliinunua ngumu, mbona kipande nilichotengeneza kinanipaka vidole kabla hakijafika mdomoni? Weka hapo sebule ya Februari yenye nyuzi 31, ongeza umeme kukatika saa nane mchana wakati wageni wanaanza kuingia. Unabaki na rojo.

Hoja yangu ni hii: kwetu, kinachoshika biskuti kisiwe mafuta. Kiwe maziwa na sukari vilivyopikwa vikakazana.

Hili sikulibuni mimi. Wabrazili, wenye joto kama letu, wana peremende yao ya nyumbani inaitwa brigadeiro: kopo la maziwa mazito yenye sukari, kakao na siagi kidogo, vinapikwa kwenye sufuria mpaka vinakuwa donge. Jina linahusishwa na Brigadia Eduardo Gomes aliyegombea urais mwaka 1945. Inasimuliwa kwamba kinamama waliomuunga mkono waliziuza kwenye kampeni. Urais aliukosa, peremende ikabaki kwenye kila sherehe ya mtoto nchini kwao. Wakivunjia biskuti ndani yake wanaiita palha italiana, na hiyo ndiyo ninayoipigania kwenye uzi huu.

Vitu vyake:

Maziwa mazito ya kopo yenye sukari (kondensi), kopo moja la gramu 390 hivi
Kakao ya unga isiyo na sukari, vijiko 4 vya chakula (kama gramu 30)
Siagi au majarini, vijiko 2 vya chakula
Biskuti za Marie au zozote kavu zisizo na krimu ndani, gramu 180 hadi 200
Chumvi, ncha ya kijiko
Iliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chai, kwa anayependa

Andaa trei kwanza. Chombo cha sentimita 20 kwa 20 kinatosha, na hata sahani pana yenye ukingo inafaa. Tandika karatasi ya kuokea au kipake siagi nyembamba. Vunja biskuti kwa mkono, usisage. Unataka vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na ule unga unaodondoka acha uwemo.

Chukua sufuria nzito. Ile nyembamba ya bati inaunguza chini upesi. Kabla hujawasha moto, koroga kakao na robo ya maziwa mpaka mabuja yaishe kabisa, kisha mimina maziwa yaliyobaki, siagi na chumvi. Hapo ndipo uwashe, na moto uwe mdogo. Wa mkaa, punguza makaa na upake majivu juu.

Kuanzia hapo mwiko usitoke mkononi. Maziwa haya yana sukari nyingi, ukigeuka kujibu simu yameshashika chini na yataleta ladha ya moshi isiyoondoka. Koroga ukikwangua chini na pembeni. Yataanza kutokota kwa mapovu makubwa mazito, halafu yatakaza. Kwa moto mdogo ni kama dakika 10 hadi 12, ila usipike kwa saa ya ukutani, pika kwa macho. Pitisha mwiko katikati: sakafu ya sufuria ionekane, na njia hiyo ibaki wazi sekunde mbili tatu kabla haijafunga. Inamisha sufuria: donge lote liteleze kwa pamoja, likiachana na ukuta. Aliyewahi kusimama karibu na sufuria ya halua anaijua hatua hii.

Epua. Tia iliki sasa, si mapema, harufu yake inapotea kwenye moto. Acha ipoe dakika tatu nne, halafu mimina biskuti na ugeuze kutoka chini kwenda juu mpaka kila kipande kivae chokoleti. Ukizitia ikiwa bado inatokota zitanyonya na kulainika, utapoteza ule mlio wa kutafuna ambao ndio raha yenyewe. Bandika kwenye trei, sawazisha kwa mgongo wa kijiko kilichopakwa siagi, acha mezani saa mbili hivi, kata vipande vya sentimita nne. Utapata kama 25.

Friji inasaidia ukiwa na haraka, lakini si sharti. Kitu hiki kinakaa mezani kimefunikwa bila kumwagika. Karibuni mjadala.

Chumbageni

Dada umeeleza vizuri mno, hasa habari ya chokoleti kuganda kidhaifu. Nilikuwa nadhani wauzaji wanatuuzia feki. Swali langu: nina kopo la ile chokoleti ya kunywa, ya kuchanganya na maziwa ya moto watoto wakienda shule. Naweza kuitumia badala ya kakao?

IlikiMbili

Usiitumie, ndugu yangu. Ile ya kunywa sehemu kubwa yake ni sukari, na nyingine zina maziwa ya unga na kimea ndani. Ukiitia kwenye maziwa ambayo tayari yana sukari utapata kitu kitamu hadi kinakera koo, na rangi yake itakuwa ya chai ya maziwa. Geuza kopo usome vilivyomo: ikitajwa sukari au maziwa, si hiyo. Kakao ya kweli ukiilamba peke yake ni chungu na inakausha ulimi. Uchungu huo ndio unaoifanya hii iliwe, kwa sababu unapambana na utamu wa maziwa. Vijiko vinne nilivyoandika vimejaa wastani, mimi nyumbani naongeza cha tano.

Kisauni Mjini

Nimesoma yote na nimekuelewa, lakini sikubali kila kitu. Ladha ya chokoleti yenyewe, ile bar yenye kakao asilimia sitini au sabini ikayeyushwa taratibu juu ya mvuke na siagi nzuri, haifikiwi na kakao ya unga na kondensi. Huku Mombasa pia stima inakatika, sikatai. Mimi ninachofanya ni kuitoa frijini dakika ya mwisho, watu wanakula, inaisha. Kwa nini tuache kilicho bora kwa sababu ya joto?

IlikiMbili

Kaka, kwa ladha nakupa haki yako. Mafuta ya kakao ndiyo yanayobeba ule unono unaoyeyukia ulimini, na kakao ya unga yamekamuliwa mengi. Kama nyumba ina friji ya uhakika na walaji wamekaa mezani wanasubiri, fanya yako. Nami nawafikiria watu wengine: anayebeba kwenda kwenye shughuli Chanika kwa daladala, anayemwekea mtoto kwenye mkoba wa shule, asiye na friji kabisa. Hao wakifuata njia yako watapata hasara ya bidhaa ghali.

Kuna njia ya katikati. Pika kama nilivyoeleza, ukishaepua tu, kabla ya biskuti, tupia gramu 50 za chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa na ukoroge iyeyuke kwa joto lililobaki. Unarudisha unono, na kinachoshika bado ni maziwa yaliyopikwa. Usizidishe hapo, ukifika gramu 100 italegea mchana.

Na kwa wanaofuata njia ya Kisauni ya kuyeyusha juu ya mvuke: bakuli lisiguse maji, na lisiingie hata tone. Tone dogo linaifanya chokoleti ikunjamane na kuwa kama mchanga uliolowa. Ikitokea, usiitupe. Ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja ukikoroga kwa nguvu mpaka irudi kulainika. Haitafaa tena kugandisha ngumu, ila kwa kumwagia juu ya keki inafaa.

Mwana wa Kyela

Uzi mzuri, na umenigusa kwa sababu kakao ndiyo iliyonisomesha. Watu wengi hawajui kwamba kakao ya Tanzania kwa sehemu kubwa inatoka kwetu Kyela, huku chini karibu na Ziwa Nyasa, na nyingine Rungwe na upande wa Kilombero na Mvomero kule Morogoro. Siku hizi tunauza kwa stakabadhi ghalani, kwa mnada. Inaondoka nchini ikiwa mbegu, kisha tunainunua kwenye kopo imetoka ng'ambo.

Nyumbani tunasaga wenyewe. Mbegu zikishavundikwa siku tano hadi saba na kuanikwa zikauke, tunazikaanga kwenye chungu moto wa wastani mpaka ganda linapasuka na harufu inajaa uani. Tunamenya, tunapepeta, tunatwanga kwenye kinu au tunapeleka kwenye mashine ya karanga. Kinachotoka ni rojo zito linalong'aa, si unga. Je, hilo linaweza kuingia kwenye pishi lako?

IlikiMbili

Linaingia, na ningependa kuwa jirani yako! Ila hesabu inabadilika. Mbegu ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, na rojo lenu halijakamuliwa, wakati kakao ya kopo imebaki na mafuta kidogo. Kwa hiyo siagi iondoe kabisa au weka nusu kijiko tu, na rojo liwe gramu 50 badala ya 30. Liyeyushe kwenye maziwa yakishapata vuguvugu. Halitakuwa laini sana ulimini kama la kiwandani, chenga kidogo zitabaki, lakini kwenye kitu chenye biskuti ndani hazisumbui. Harufu yake hakuna kopo linaloifikia. Moja la kuzingatia: menya maganda yote, yanaleta ukakasi na ndiyo yanayobeba uchafu wa uwanja wa kuanikia.

Mwana wa Kyela

Ahsante dada. Maganda tunayachemsha kama chai, baada ya kuyaosha. Nitajaribisha msimu huu na nitaleta majibu.

Mama Wawili

Jamani kondensi imepanda bei huku kwetu, kopo moja unalifikiria mara mbili. Hakuna namna ya kutumia yale maziwa ya kopo ya kawaida ya kuweka kwenye chai? Yana bei nafuu.

Ng'ombe Mmoja, Usa River

Shangazi, yale ya chai hayana sukari na yana maji mengi, hayatakaza. Ukiwa na maziwa mabichi mambo ni rahisi. Mimi nachukua lita moja ya maziwa ya ng'ombe na sukari gramu 200, natia kwenye sufuria pana, nachemsha kwa moto mdogo nikikoroga kila mara mpaka yabaki kama theluthi moja. Inachukua saa moja na zaidi, kuni zinaenda, ila ukiwa na maziwa yako mwenyewe unaokoa fedha. Yanatoka kama kopo moja na kidogo. Yakianza kuwa mazito usiondoke hapo.

IlikiMbili

Hesabu ya Usa River imenyooka, na sufuria pana ndiyo siri, maji yanatoka upesi. Mama Wawili, kama hauko karibu na ng'ombe, tumia maziwa ya unga: gramu 150 za maziwa ya unga yenye mafuta yake yote, sukari gramu 180, maji ya moto mililita 120, siagi kijiko kimoja. Yeyusha sukari kwanza kwenye maji ya moto mpaka usisikie chenga, ndipo utie maziwa ya unga kidogo kidogo ukipiga kwa mchapo, au tumia blenda. Yaache yapoe, yatazidi kuwa mazito. Piga mahesabu kwa bei za dukani kwako, maana kuna sehemu maziwa ya unga ndiyo ghali kuliko kopo.

Mwenye Tende, Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Oman na Ghuba kwa jumla tuna ya kwetu isiyo na kopo wala sukari ya kuongeza. Unachukua tende laini zilizotolewa kokwa, nusu kilo, unaziweka kwenye sufuria na siagi au samli vijiko viwili vitatu, moto mdogo, unaziponda mpaka zinakuwa rojo. Unatia kakao vijiko viwili, iliki, kisha biskuti za Marie zilizovunjwa pakiti moja. Unaviringisha kama soseji kwenye karatasi, unapaka ufuta uliokaangwa, unakata. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Unguja, yeye hutia na korosho. Joto la huku Juni linazidi la kwenu mbali na hii haiyeyuki.

IlikiMbili

Wa alaykum salaam. Hii naiweka sawa na yangu, wala si chini. Ni kanuni ileile, kinachoshika si mafuta bali ni utamu mzito wa tunda lenyewe. Kwa mwezi wa Ramadhani, tende zikiwa zimejaa sokoni, hii ndiyo ya kutengeneza. Ziwe laini tu. Zile kavu ziloweke kwenye maji ya moto robo saa, uzikamue vizuri, maji yakibaki biskuti zitalowa tepetepe.

Kwa wanaoniuliza inboksi habari ya wazazi wenye kisukari: tende nazo zina sukari nyingi, msidanganyane kwamba ni dawa. Kata vipande vidogo, mpe kimoja, na afuate alichoambiwa na daktari wake.

Shemeji wa Tandika

Mimi yangu inatoka laini, ukikata inavutika na kushika kisu. Rafiki yangu yake inatoka na chenga za sukari, kama kashata. Tumefuata maelezo mamoja. Shida ni nini?

IlikiMbili

Yenu ni matatizo mawili yanayotokana na kitu kimoja, muda wa motoni.

Yako haijaiva. Njia ya mwiko ilifunga mara moja na wewe ukaepua. Habari njema, donge lililotoka laini linarudi sufuriani kama hujatia biskuti: pika tena dakika tatu nne. Kama biskuti zimeshaingia, viringisha mipira midogo na upake kakao, iite jina jingine na wageni watakushukuru.

Ya rafiki yako imepitiliza, au moto ulikuwa mkubwa, au alikuwa akikwangua sukari iliyokauka ukutani mwa sufuria na kuirudisha ndani. Sukari ikishaanza kujikusanya chenga inaita nyenzake. Moto mdogo, na ile iliyokauka juu ya ukuta iacheni hukohuko. Siagi nayo inasaidia kuzuia chenga, ndiyo maana sipendi watu waifute kabisa kwenye pishi hili, isipokuwa wale wenye rojo la Kyela.

Jambo la tatu ambalo hamkuuliza: unyevu. Tanga, Unguja, Mombasa, wakati wa masika, sukari inavuta unyevu hewani. Ikiachwa wazi usiku kucha, asubuhi uso wake unanata hata kama uliipika sawasawa. Ifunike ikishapoa kabisa. Ukiifunika ikiwa na joto mvuke unarudi juu yake na unaharibu zaidi. Kwa juu paka kakao ya unga au maziwa ya unga, usipake sukari ya unga, inalowana baada ya muda mfupi.

Kitabu cha Bibi

Nina daftari la zamani lenye pishi la aina hii lililotoka kwa masista wa Kiitaliano. Wao wanapiga mayai mawili mabichi na sukari, kisha wanatia siagi na kakao na biskuti. Hayapikwi. Ladha yake ni laini ajabu. Kuna ubaya?

IlikiMbili

Ubaya upo na hapa siwezi kulegeza. Pishi la asili la Italia kweli lina mayai mabichi, na wengi hukohuko kwao siku hizi wameyaacha. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela, na keki hii haipiti kwenye moto hata mara moja wa kuiua. Ongeza joto letu na friji inayozimika, unampa mdudu mazingira anayoyataka. Watoto wadogo, wajawazito na wazee ndio wanaoumia zaidi. Ukitaka ule ulaini, kondensi inaufikia bila yai.

Na kwa kuwa tumefika hapo: nimeona video za kutengeneza donge la biskuti bichi kwa unga wa ngano na chokoleti, eti bila kupika. Unga wa ngano ni kitu kibichi kama mchele. Mwaka 2016 Marekani watu waliugua kwa bakteria wa E. koli waliotoka kwenye unga, na mamlaka za huko zikawaonya watu wasilambe donge bichi. Biskuti za pakiti hazina shida hiyo, zimeshaokwa.

Kitabu cha Bibi

Nimekuelewa, nashukuru kwa kueleza sababu. Daftari nitalitunza, mayai nitayaacha.

Genge la Jioni

Nataka kutengeneza za kuuza, kuna shule mbili karibu na kwangu na ofisi za watu. Zinakaa siku ngapi? Na nikate vipi zitoke safi?

Kisauni Mjini

Kwa kukata nakusaidia mimi, hili ninalijua. Kisu kirefu chembamba, kichovye kwenye maji ya moto, kikaushe kabisa kwa kitambaa, shusha wima bila kusugua kama msumeno. Futa kila baada ya mkato. Ukiitia friza dakika ishirini kabla, biskuti zinakatika safi.

IlikiMbili

Ahsante kaka, hilo limetimia. Muda: mezani, imefunikwa, siku mbili hadi tatu. Si kwamba inaharibika hapohapo, ila biskuti zinaendelea kunyonya na mlio unakufa, na mteja anayetafuna kitu kilichosinyaa harudi. Frijini kwenye chombo kinachofunga, wiki nzima. Kwa biashara pika jioni, uza kesho yake. Siku ya pili ndiyo tamu kuliko zote, ladha zimeshaingiana na biskuti bado zinasimama.

Kwa shule, usitie karanga wala korosho kimyakimya. Kuna watoto zinawadhuru vibaya sana, tena haraka, na mzazi hatajua kilichomo. Za ofisini ndizo uzitie, korosho zilizokaangwa gramu 60, punguza biskuti kiasi hichohicho. Na kwenye bahasha andika vilivyomo: maziwa, ngano, na karanga au korosho kama zimo.

Kata vidogo. Kipande cha sentimita nne kinamtosha mtu mzima pamoja na kahawa chungu. Nimeona wauzaji wakikata vipande vikubwa vya kuvutia macho, mteja anakula nusu anatupa nusu, kesho hanunui tena maana anakumbuka alivyokinai.

Genge la Jioni

Swali la mwisho dada. Nikizidisha mara tatu, makopo matatu sufuria moja, muda unakuwa mara tatu?

IlikiMbili

Usipike makopo matatu pamoja kama sufuria yako ni ya kawaida. Kina kikiwa kirefu maji hayatoki, juu panabaki laini wakati chini panaungua, na mkono wako utachoka kabla halijaiva. Makopo mawili kwenye sufuria pana ya kupikia pilau, sawa, tegemea dakika 18 hadi 20 na uangalie ileile njia ya mwiko. La tatu lipike peke yake. Vipimo vya biskuti gawa mapema kwenye mabakuli, kila mpiko na bakuli lake, kwa sababu donge likishaepuliwa halikusubiri upime.

Genge la Jioni

Nimenakili. Kesho naanza na kopo moja, nikiwa na sampuli nitaweka picha hapa.